Vesinki: tuiwashe au tuizime?

Najua jarida hili la kitivo chetu limezoea mambo mazito: ngeli za majina, methali za wazee, riwaya, lugha za mama shuleni. Leo naomba mnivumilie nilete jambo la homu, jambo la vijana wanaokesha mbele ya kompyuta. Zamani nilidhani halina uzito wowote. Mwezi wa kumi uliopita lilimgharimu mtu ninayemheshimu miezi kadhaa ya maisha yake, na aliyesababisha ni mimi. Ndiyo sababu ninaandika.

Jambo lenyewe ni hili. Katika mipangilio ya karibu kila mchezo wa kompyuta kuna mstari mmoja unaosema, kwa Kifaransa cha menyu zetu, « synchronisation verticale ». Mbele yake unachagua: ndiyo au hapana. Pale homu tunaiita vesinki, na kila chumba kina wakili wake. Huyu anasema iwashe, picha itatulia. Yule anasema izime, la sivyo utapigwa risasi kabla hujamwona adui. Wa tatu anasema haina kazi, ni pambo tu la menyu. Nimesikiliza mabishano hayo tangu mwaka wangu wa kwanza, na naweza kusema bila kumkosea mtu heshima: tulikuwa tunabishana juu ya neno, kitu chenyewe hatukukijua.

Basi tuanze na kitu. Skrini haina picha inayotembea. Ina picha zilizosimama, zinazofuatana haraka hata jicho linadanganyika. Skrini nyingi tulizo nazo hapa huchora picha upya mara 60 kwa sekunde, maana yake kila picha ina milisekunde 16.7 za kuishi. Tena skrini haiweki picha yote kwa pigo moja. Inaanza mstari wa juu kabisa, inashuka mstari kwa mstari hadi chini, kama sisi tunavyosoma ukurasa. Ikifika chini inarudi juu, inaanza ukurasa mwingine.

Upande wa pili kuna kadi ya picha, kile kipande ndani ya kompyuta kinachotengeneza picha za mchezo. Hicho hakina mwendo mmoja. Ukiangalia ukuta mtupu, kadi inaweza kumaliza picha 200 kwa sekunde. Ukiingia katikati ya mapigano, moshi hapa, watu ishirini pale, inaweza kushuka hadi 40. Kwa hiyo tuna wafanyakazi wawili wa kazi moja, kila mmoja na mwendo wake.

Aliyewahi kuona mama wawili wakitwanga mihogo katika kinu kimoja ameshaelewa shida iko wapi. Mchi huu unapanda wakati ule unashuka. Mmoja akiharakisha bila kumsikiliza mwenzake, michi inagongana na unga unamwagika. Bila vesinki, kadi ikimaliza picha mpya inaitupa palepale, hata kama skrini imefika nusu ya kuchora ile ya zamani. Hapo unaona sehemu ya juu ya picha ya kwanza na sehemu ya chini ya picha ya pili. Ukigeuka haraka, mwimo wa mlango unakatika, kichwa cha adui kiko huku na mabega yako kule. Huo ndio mpasuko tunaoulalamikia. Vesinki ikiwashwa, kadi inaambiwa: ngoja mwenzako amalize ukurasa, ndipo umpe mwingine. Hakuna zaidi ya hapo.

Sasa, kwa nini iitwe « wima »? Rafiki yangu mmoja aliamini kwamba ni kwa ajili ya skrini ndefu kama za simu. Mwingine alidhani inazuia picha isilale upande. Jibu liko katika historia. Mwaka 1897 Mjerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza bomba la kioo lenye mwali wa elektroni unaoweza kuongozwa, na kutoka huko zikaja televisheni zile zenye mgongo mnene ambazo baba zetu waliziweka sebuleni na kuzifunika kitambaa. Mwali ulichora mistari kutoka juu hadi chini, kisha ulizimwa kidogo ili urudi juu bila kuacha alama. Safari hiyo ya kurudi, kutoka chini kwenda juu, ndiyo « wima » ya jina letu. Kwa watengenezaji wa michezo ya kwanza, safari hiyo ilikuwa pumziko la thamani. Mashine ya Atari 2600, iliyotoka mwaka 1977, ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, isiyotosha kuhifadhi picha nzima. Mtengenezaji alilazimika kuandaa mstari huku mwali ukiuchora, na hesabu nyingine za mchezo alizifanya wakati picha haichorwi, mwali ukiwa unarudi.

Skrini zetu za leo ni bapa, hazina mwali wala safari ya kurudi. Jina limebaki. Sisi watu wa lugha tusicheke, kwa maana tuna ya kwetu: neno « simu » lilitoka katika Kiajemi likimaanisha waya, na leo tunatembea na waya zisizo na waya mfukoni. Neno hubeba historia yake, hilo ni jambo la kawaida. Tofauti ni kwamba asiyejua asili ya « simu » hapotei chochote anapopiga. Asiyejua maana ya vesinki anaweza kupoteza, kama nilivyopoteza mimi, tena mali ya mwenzangu.

Chumbani kwetu tuko wanne. Kompyuta yetu tuliinunua kwa likelemba. Zamu ilipomfikia mkubwa wetu wa chumba, ambaye sote tunamwita Yaya, alikataa kuchukua fedha kwa ajili yake peke yake. Alisema: tununue mashini moja, itusomeshe wote. Alikuwa mwaka wa mwisho, anaandika TFC yake juu ya majina ya watoto katika Kisanga. Alikuwa na sauti za wazee alizorekodi kijijini, saa nyingi, na alikuwa akizisikiliza na kuziandika neno kwa neno. Sheria ya chumba ilikuwa rahisi: mchana ni kazi, baada ya saa nne usiku ni michezo. Na kulikuwa na sheria moja ndogo ambayo hakuieleza. Vesinki iliwashwa, na Yaya alisema, « Iacheni hivyo. » Mimi ni mdogo, sikuuliza.

Halafu vijana wa Politekniki walituletea changamoto ya mchezo wa kufyatuliana risasi, timu kwa timu, kwa waya wa mtandao uliopitishwa dirishani. Wakili mmoja wa chumba cha jirani akaniambia kwamba wachezaji wakubwa wote wanaizima. Ijumaa usiku nikaizima. Tulishinda. Nilijiona mwenye mayele sana, na sikuirudisha.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi. Anayeijua Lubumbashi anajua joto la mwezi wa kumi kabla mvua haijaanza: ukuta wa chumba unakuwa moto kama jiko. Nilicheza kidogo, nikaacha mchezo kwenye menyu, nikaenda kula bukari na kuteka maji. Kwenye menyu kulikuwa na picha ya askari amesimama, hatembei. Niliamini kwamba mashini inayoonesha kitu kisichotembea imepumzika. Nilikaa huko karibu saa tatu. Niliporudi chumba kilikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua, na skrini ilikuwa nyeusi.

Fundi wa mjini aliifungua mbele yetu. Vumbi la miaka lilikuwa limefunga matundu, feni moja ilikuwa haizunguki vizuri, na kadi ya picha ilikuwa imekufa. Niliposema kwamba labda umeme ndio ulioiua, alinitazama akasema, « Hii ilikuwa mgonjwa tangu zamani, mtoto. Wewe umeibebesha mzigo. » Kisha akaniuliza niliiacha ikifanya nini. Nikamwambia: hakuna kitu, ilikuwa kwenye menyu tu. Akacheka.

Hapo ndipo nilipojifunza nilichopaswa kujua mapema. Menyu ni nyepesi kuchora. Kadi isiyoambiwa isubiri itaichora mara mia kadhaa kwa sekunde, pengine zaidi ya elfu, ilhali skrini inaweza kuonesha 60 tu. Nyingine zote zinatupwa bila jicho la mtu kuziona, lakini umeme umeshatumika na joto limeshazaliwa. Nilimwacha mtu akitwanga kinu kitupu kwa nguvu zote, saa tatu, kwenye jua.

Wala si sisi maskini peke yetu tuliopatwa. Mwaka 2010, mchezo wa StarCraft II ulipotoka, wachezaji walilalamika kwamba kadi zao zinapata joto kupita kiasi wakiwa kwenye menyu. Watengenezaji wake, kampuni ya Blizzard, walieleza kwamba menyu hizo hazikuwekewa kikomo cha picha, na wakawapa watu mistari miwili ya kuongeza katika faili la mipangilio: mmoja wa kuweka kikomo cha picha 60 ndani ya mchezo, mwingine wa kuweka 30 kwenye menyu. Mashini yenye feni nzuri na hewa safi ilivumilia. Mashini yenye vumbi haikuvumilia. Sasa tujiulize mashini zetu za mitumba, zinazofika hapa zikiwa zimeshachoka mahali pengine, ziko katika kundi gani.

Diski ilipona, na maandishi ya Yaya yalipona. Lakini kadi nyingine ilichukua wiki nyingi kupatikana, kwa sababu likelemba haikimbii. Yaya akawa anaandika kwa mkono, kisha analipa saa za mashini ya mjini, anachapa alichoweza, anarudi kwa miguu. Tarehe ya kuweka TFC ilimpita. Akasukumwa kwenye kipindi cha pili. Shule moja ya Likasi iliyokuwa imemwahidi nafasi ya kufundisha haikuweza kusubiri, ikamchukua mwingine. Alipopata habari hiyo hakunigombeza. Alisema tu, « Mdogo wangu, haukuniuliza. »

Baadaye nilimwuliza alijuaje kwamba vesinki inalinda mashini. Alijibu kwamba hakujua. Alikuwa tu amesikia kwamba ikiwashwa, feni inapumua polepole, na ikizimwa, inalia kama mashini ya kusaga. Mtu anayeandika sauti za wazee siku nzima ana masikio.

Mtasema: huyu ana kidonda, hawezi kuhukumu kwa haki. Ndiyo maana nataka niwape wakili wa upande wa pili nafasi yake yote, kwa kuwa ana hoja za kweli.

Hoja ya kwanza ni ucheleweshaji. Kadi ikisubiri skrini, ulichofanya kwa kidole chako kinasubiri pia. Unabonyeza kipanya, na picha inayoonesha risasi yako inakaa kwenye foleni. Kuchelewa kunaweza kuwa kwa picha moja, mbili, hata tatu. Picha tatu ni milisekunde 50. Katika mchezo wa kufyatuliana, ambapo wawili wanaonana kwenye kona kwa wakati mmoja, muda huo si hadithi. Wanaocheza Counter-Strike kwa mashindano huizima, na hawakosei. Nilijaribu na wenzangu, mmoja akibadilisha mpangilio bila kutuambia. Katika mchezo wa risasi, kwa kipanya, wengi wetu tulihisi tofauti, mkono ulikuwa kama umevutwa na mpira. Katika mchezo wa kandanda, kwa manyeti ya kawaida, tulibahatisha tu. Jaribio la chumbani si utafiti, ila linatosha kunifundisha kwamba aliye na hoja kwa mchezo mmoja hana haki ya kuitangaza kwa michezo yote.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na mawakili wengi hawaijui. Vesinki inadai kadi iwe tayari kila milisekunde 16.7. Kadi dhaifu ikihitaji milisekunde 17, imechelewa kidogo tu, lakini skrini haimsubiri mchelewaji: inarudia picha ya zamani, na picha mpya inaingia kwenye zamu inayofuata, milisekunde 33.3 tangu mwanzo. Kwa kukosa sehemu ndogo ya milisekunde, umeshuka kutoka picha 60 hadi 30 kwa sekunde. Ukikosa zamu mbili, unashuka hadi 20. Ni kama mtu aliyefika kituoni basi likiwa limetoka sasa hivi: atangoja basi zima lingine. Kuna michezo inayotumia ghala la tatu la picha ili kadi iendelee kufanya kazi badala ya kukaa bure, lakini si yote. Kwa hiyo mwenye kadi dhaifu akiniambia kwamba vesinki inaufanya mchezo wake uchechemee, simwiti mwongo.

Wakubwa wa fani wanajua shida hizi. Mwaka 2012 kampuni ya NVIDIA ilileta vesinki inayojizima yenyewe kadi inaposhindwa kufikia mwendo wa skrini, na kujiwasha inapoweza. Mwaka 2013 ikatangaza G-Sync, inayogeuza mambo: skrini ndiyo inayoisubiri kadi. AMD ikafuata na FreeSync kwa wazo lilelile. Hilo ndilo suluhisho halisi, kwa sababu linawafanya watwangaji wote wawili wasikilizane. Lakini linadai skrini inayolikubali, na skrini za mitumba za Hz 60 tunazobeba kichwani kutoka sokoni mara nyingi hazilikubali. Tuhukumu kwa vyombo tulivyo navyo.

Na kuna jambo moja zaidi ambalo mawakili wa kuzima wanalisahau: picha nyingi si lazima ziwe faida. Kuna michezo ambayo hesabu zake zimefungwa kwenye idadi ya picha. Katika Quake III Arena, wa mwaka 1999, wachezaji waligundua kwamba kwa picha 125 kwa sekunde mtu anaruka juu zaidi, kwa sababu tu ya jinsi kompyuta inavyokata desimali. Katika Skyrim, wa mwaka 2011, ukipita sana picha 60 vyombo vya mezani vinaanza kurukaruka vyenyewe. Katika Dark Souls II, silaha za waliocheza kwa picha 60 ziliharibika haraka kuliko za waliocheza kwa 30. Aliyesema « zima tu, haraka ni haraka » hajui kwamba wakati mwingine haraka inabadilisha hata sheria za mchezo.

Baada ya kusikiliza pande zote, msimamo wangu ni huu.

Kwenye mashini ya pamoja, vesinki iwe imewashwa. Nasema mashini ya pamoja, yaani ile ya chumba, ya ukumbi wa michezo, ya ndugu watano, ile inayoandika TFC mchana na kupiga risasi usiku. Mpasuko kwenye picha ni aibu ndogo, nakubali. Mtu anaweza kuuzoea. Ninachotetea hapa ni maisha ya mashini. Kikomo cha picha 60 kinapunguza joto, kinapunguza umeme, na kwa anayecheza kwa betri au jenereta kinarefusha jioni. Faida ya milisekunde chache ni ya mchezaji mmoja. Joto ni la wote.

Kwenye mashini yako mwenyewe, ukiwa na mashindano, izime, lakini weka kikomo cha picha. Michezo mingi ina mpangilio wa kikomo, na programu za kadi zenyewe mara nyingi zina wake. Utauona mpasuko, ila hutatwanga kinu kitupu. Mashindano yakiisha, irudishe.

Kwenye kadi dhaifu, usikimbilie kulaumu vesinki. Punguza kwanza vivuli, moshi na ukubwa wa picha, mpaka kadi ifikie 60 bila kuhema. Ikishindikana, weka kikomo cha 30 ukae hapo. Mwendo wa polepole usiobadilika unachosha jicho kidogo kuliko mwendo unaopanda na kushuka kila dakika.

Na popote ulipo, usiondoke ukaacha mchezo kwenye menyu. Ufunge.

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza. Nikampa mwalimu mmoja rasimu, akaniuliza swali la kitivo chetu: hayo yote umeyaeleza kwa Kiswahili, bila shida, basi mbona kabla ya hapo hakuna aliyekueleza? Swali hilo limenisumbua kuliko harufu ya plastiki.

Jibu langu ni kwamba tulikuwa na jina bila maelezo. « Vesinki » ni sauti tuliyookota. Haimwambii mtu lolote, kwa hiyo kila mmoja aliijaza alichotaka. Wapo wanaopendekeza « usawazishaji wima » au « ulandanishi wima ». Ni majina yenye heshima, yanafaa katika kamusi, na sina ugomvi na waliyoyatunga. Lakini yanatafsiri jina la zamani pamoja na kisukuku chake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisoma « ulandanishi wima » atauliza tena kama ni kwa ajili ya skrini ndefu.

Mimi ningeandika katika menyu: « Kadi isubiri skrini: ndiyo / hapana ». Najua waalimu wangu wa istilahi watasema hiyo ni sentensi, na istilahi inatakiwa iwe nomino, fupi, inayoweza kunyambulishwa. Ni haki yao. Lakini menyu haisomwi na mtaalamu wa istilahi. Inasomwa na kijana saa tano usiku, ana haraka, na anataka kujua kidole chake kitafanya nini. Kama mstari ule ungesema « Kadi isubiri skrini », nami nikachagua « hapana », angalau ningejiuliza: isiposubiri, itakuwa inafanya nini? Swali hilo moja lingetosha kunipeleka kwa Yaya.

Sisemi kwamba neno zuri lingeiponya feni mbovu. Vumbi lilikuwepo, uzee ulikuwepo, na mkono uliozima ulikuwa wangu. Nasema kwamba kitivo kinachojivunia kueleza dunia kwa lugha za watu wetu kisione haya kueleza pia vitu vidogo vilivyo chini ya vidole vya wanafunzi wake kila usiku. Tuna semina za istilahi za sheria na za dawa. Tuwe pia na jioni moja kwa muhula, wanafunzi wa lugha na wa Politekniki pamoja, tukae mbele ya menyu moja na tuipitie mstari kwa mstari: hiki kinafanya nini, tukiite nini. Wale vijana tuliowashinda Ijumaa ile wanajua mashini kuliko sisi. Sisi tunajua kusema. Michi miwili, kinu kimoja.

Yaya aliweka TFC yake katika kipindi cha pili na alifaulu vizuri. Bado anatafuta shule. Mashini ina kadi nyingine, ya mtumba pia, na tumesafisha vumbi. Juu ya skrini nimebandika karatasi ndogo yenye maneno matatu: « Kabla hujazima, uliza. » Wenzangu wanacheka wakiisoma. Yaya hacheki, lakini hajaiondoa.